Hema la kuogea porini: nimetumia matatu, moja tu ndilo ningelinunua tena

Nina urefu wa sentimita 186 na kazi yangu ni upimaji ardhi. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yanayonifanya mgomvi. Kwa urefu huu nagonga kichwa kwenye kila kibanda cha kuogea ninachoingia, na kwa kazi hii natoa futi kamba kabla sijatoa sabuni. Kwa mwaka nalala kwenye hema siku kama sitini nikiwa kazini, ukiacha safari mbili tatu za familia.

Kazini hatuna shida. Tunaoga nyuma ya gari baada ya magharibi, ndoo chini, taulo kiunoni, kila mtu anatazama upande wake. Familia ni habari nyingine. Mwaka juzi mke wangu aliponiambia kwamba mama yake naye anakuja Ruaha, nilijua papo hapo kuwa kuna kitu cha kununua. Mama mkwe haogi nyuma ya Land Cruiser huku mkwewe anageuza nyama hatua kumi kutoka pale.

Kama unalala kwenye kambi za kawaida za hifadhi, unaweza kuishia hapa. Vyoo vipo, mabafu yapo, maji ni ya baridi lakini yapo. Maneno yangu ni kwa wanaokodi kambi maalumu, zile mnazokaa peke yenu chini ya miti. Kule hakuna choo wala bomba. Maji, kuni na stara yako unakuja navyo.

Hema la kwanza nililinunua Kariakoo. Muuzaji alianza 110,000, tukaishia 85,000. Ni yale yanayojifungua yenyewe: waya wa springi umeshonewa ndani ya kitambaa, unalitoa kwenye mfuko wake wa duara, unalirusha mbele yako, linasimama. Pale dukani lilisimama kabla kijana hajamaliza sentensi. Kulikunja hakunionyesha, na mimi mtu mzima sikuuliza.

Mfuko ulikuwa umeandikwa 120 kwa 120, kimo 190. Nilipofika nyumbani nikalipima sebuleni. Chini 112 kwa 110. Kimo katikati 184, pembeni 171, maana paa lake limelegea. Kwa hiyo naoga nimepinda shingo kama kuku aliyesikia mwewe. Ukiwa na sentimita 165 hutaona tatizo lolote, mke wangu hakuliona, lakini warefu wenzangu msiamini namba za kwenye mfuko. Nendeni na futi dukani, na mpime pembeni ambako mabega yatakuwa, msipime katikati.

Basi tukatoka Morogoro alfajiri, tukapanda mlima Kitonga nyuma ya lori la mafuta, tukalala Iringa. Kesho yake tukamaliza zile kilomita 130 hivi za kwenda Msembe, makao makuu ya hifadhi ya Ruaha. Ilikuwa Oktoba, na Ruaha ya Oktoba ni tanuri. Saa tisa alasiri nikalirusha hema langu jipya, likasimama zuri, la bluu iliyokolea. Nusu saa baadaye nikaingia na ndoo, nikakuta wenyewe wameshafika. Mbung'o kumi na kitu wametulia kwenye kitambaa, ndani na nje, kama walioitwa kikao. Asiyewahi kuumwa na mbung'o akiwa na sabuni machoni namwombea asijue.

Askari wa hifadhi aliyepita jioni kutuangalia alilitazama lile hema akacheka mpaka akashika kofia. "Mzee, umewatundikia bango la kuwakaribisha."

Na kweli. Ukipita Tarangire utaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa kandokando ya barabara. Vimelowekwa dawa ya kuua, na rangi hizo zimechaguliwa makusudi kwa sababu mbung'o huzifuata. Ndiyo maana wageni huambiwa wasivae bluu wala nyeusi. Yote hayo nilikuwa nayajua kuhusu mashati. Sikuwahi kufikiri kwamba hema nalo ni shati. Nilitoa 85,000 kununua mtego usio na dawa, nikaingia ndani yake bila nguo. Kwenye duka lile yalikuwepo matatu, mawili ya bluu na moja jeusi. Tafuta la kaki, kijivu au kijani cha majani makavu, hata kama itabidi usubiri wiki mbili mzigo uingie.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Ya pili nilichelewa. Tulikuwa tumezunguka na gari kufuata mto, tukarudi jua limeshazama, nami nikaona haya kukaa kwenye moto na vumbi lile. Nikachukua ndoo, nikaingia, nikatundika taa kwenye kile kitanzi kilichoshonwa darini. Mtengenezaji mwenyewe amekiweka kwa ajili ya taa, nani angeshuku? Nikaanza kujimwagia. Baada ya muda nikagundua kambi imekuwa kimya. Kambi yenye watoto watatu haiwi kimya. Kisha nikasikia sauti ya mdogo wa mwisho, wakati ule ana miaka mitano, akitangaza kama mtu wa mpira redioni: "Sasa Baba anajisugua kwapa! Sasa anainama!"

Kitambaa chepesi, taa nyuma ya mtu, giza nje: nilikuwa sinema. Nilizima taa nikamalizia gizani, nikavaa suruali imegeuka. Nilipotoka nikakuta kiti cha mama mkwe kimezungushwa, kinatazama porini, upande uleule ambao usiku uliotangulia tulimsikia simba. Alimwona simba ana nafuu.

Asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba Baba Neema. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Akakoroga chai yake muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Kile kibanda chako kinataka kanga."

Hakuongeza neno, na mpaka leo hatujalizungumza. Mke wangu alibana kanga mbili kwa ndani na pini za nguo, na siku zilizobaki mambo yakaenda. Tangu hapo nina jaribio langu dukani: nawasha tochi ya simu, naweka mkono mbele yake, nafunika kwa kitambaa cha hema. Nikihesabu vidole upande wa pili, narudisha. Yale yaliyopakwa rangi ya fedha kwa ndani yanafaulu, na faida nyingine ni kwamba mchana hayageuki tanuri haraka. Bei yake huwa juu kidogo. Lipa.

Sasa kukunja. Siku ya kuondoka nilitumia dakika 40. Nimepima mashamba yenye kesi mahakamani kwa utulivu zaidi ya ule. Ukilibana huku linachomoka kule, na waya wa springi ukichomoka unakupiga mahali pasipotarajiwa. Mimi ulinipiga pua, pamoja na matope yaliyokuwa kwenye pindo. Neema, wakati ule yuko darasa la sita, alinitazama mpaka akachoka akaniambia, "Baba, unalilazimisha." Akalikunja kwa majaribio matatu. Alichofanya ni hiki. Kwanza lilaze chini, bandika kuta zote moja juu ya nyingine mpaka lote liwe bapa, refu kama jani la mgomba. Simama, shika ncha ya juu, iinamishe kuelekea ardhini mpaka jani lote lijipinde. Hapo ndipo penyewe: mkono mmoja unapinda kwenda ndani na mwingine kwenda nje, kama mnavyokamua shuka watu wawili, ila uko peke yako. Waya utajigawa wenyewe kuwa miduara inayolaliana. Usiisukume, isindikize. Fanya zoezi hilo sebuleni mara tano kabla ya safari, mbele ya watu wanaokupenda.

Kuhusu upepo siandiki mengi. Hema la namna hii lina uzito wa kilo mbili na nusu na kuta nne za kitambaa, kwa hiyo ni tanga. Vigingi vinavyokuja nalo ni vijiti vya waya vinavyopinda ukivitazama. Nunua vya chuma cha nondo, funga kamba zote nne, na usiliache limesimama wakati hamtumii. La kwetu lilitambaa mita 30 tukiwa tunakula mchana.

Na usitundike maji ndani yake. Nasema hivi kwa sababu picha ya kwenye mfuko inaonyesha dada wa Kizungu anaoga chini ya mfuko mweusi wa maji uliotundikwa darini. Mfuko ule ni wa lita 20. Lita 20 ni kilo 20, sawa na kiroba kikubwa cha unga, na mifupa ya hema ni waya usiozidi unene wa njiti ya kiberiti. Nilitia lita nane tu, paa likashuka mpaka kifuani. Mfuko wenyewe si mbaya. Ukiulaza juu ya boneti kuanzia saa tano, saa tisa maji yana moto wa kweli, Ruaha ilibidi tuyapoze. Lakini unataka tawi imara au keria ya gari kuushikilia, na nje ya hapo ni mzigo. Sisi tumerudi kwenye ndoo na kopo. Mtu mmoja, lita tano mpaka sita, anaoga akatakata. Nilipopima mfuko ule wenye kichwa cha mvua, kila mtu alikula lita tisa, na watoto walisahau kufunga bomba. Kwenye kambi mliyobeba maji kwa madumu kutoka Iringa, hesabu hiyo inauma.

Hema la pili sikulinunua, niliazimwa na mwenzangu wa kazini tulipokwenda Saadani mwezi Juni. Hili ni la nguzo, lina vyumba viwili, kimoja cha kuogea na kingine cha kuvalia, kitambaa kijivu kimepakwa fedha ndani. Kimo chake ni mita 2 na sentimita 5 kwa futi yangu, na nilisimama humo nimenyoosha mikono kama mtu anayepimiwa suti. Chumba cha kuvalia kilinishinda kukidharau. Wanawake wote wa safari ile walisema hicho ndicho cha maana, kwa sababu kuvaa nguo kavu juu ya sakafu iliyolowa, mguu mmoja hewani, ndilo janga halisi la kuoga porini. Mwanamume anayejifunga taulo na kutoka halijui hilo. Mimi sikuwa nalijua.

Lakini lina uzito wa kilo 11 na mfuko wake ni mrefu kama jeneza la mtoto. Kulisimamisha kulituchukua watu wawili dakika 25, na nguzo moja ya faiba ilipasuka kwenye kiungo siku ya kwanza, tukaifunga kwa utepe wa gundi na kijiti. Tena Saadani ni hifadhi inayopakana na bahari. Juni kusi imeshashika, upepo haupumziki, na mchanga haushiki kigingi. Mvuvi mmoja alitufundisha: funga kamba katikati ya kijiti cha urefu wa mkono, kizike kwa mlalo, kina cha goti, fukia, kanyaga. Hakuchomoka hata kimoja kwa siku tatu. Chumvi ndiyo iliyotushinda. Siku ya tatu zipu ya mlango ilikuwa imeshika meno, tukaipaka mshumaa ikaenda, na nilipolirudisha kwa mwenyewe nililipa zipu mpya. Kwa anayekaa mahali pamoja siku nne au tano, na ana gari kubwa, ningempa hili bila kusita. Kwa anayehama kila siku, hapana.

La tatu ndilo nilitaka kuliongelea tangu mwanzo.

Baada ya Saadani nilikwenda kwa fundi wa maturubai ya malori pale Msamvu, Morogoro, na mchoro niliochora ofisini kwa vipimo. Alinitazama akaniuliza kama ni kwa ajili ya msiba. Nikamweleza. Akasema, "Kumbe unataka sketi." Ndivyo tulivyoliita tangu siku hiyo, na ndivyo lilivyo. Juu kuna mduara wa bomba la plastiki, lile gumu la kupitishia nyaya za umeme, limekatwa vipande vinne na kuunganishwa kwa viungio vyake, upana mita 1 na nusu. Kwenye mduara inaning'inia sketi ya turubai la pamba rangi ya kaki, urefu mita 2 na sentimita 10. Haina paa. Haina sakafu. Haina zipu hata moja: mlango ni kitambaa kimepita juu ya kingine kwa sentimita 60, unapenya kama unavyopita kwenye pazia la mlangoni. Kamba nne zinatoka kwenye mduara zinakutana juu kwenye pete ya chuma, na pete inatundikwa kwenye tawi, au kwenye mkono wa chuma uliochomelewa pembeni mwa keria. Maji hayatundikwi kwenye sketi. Yanatundikwa kwenye tawi lenyewe au yako chini kwenye ndoo.

Wazo la pindo si langu, ni la fundi. Alishona mifuko minne kwa chini, kila mmoja unaingia jiwe la ukubwa wa nazi. Upepo ukija sketi inacheza kidogo tu. Unabeba mifuko mitupu, mawe yapo popote uendapo. Pindo tuliliacha sentimita 15 juu ya ardhi, maji yatoke na hewa iingie, na kwa faida ya kuona miguu: ukiona ndala za mtu unajua pana mtu. Kabla ya kuingia unaona pia kama kuna nge au siafu, kitu ambacho hema lenye sakafu linakificha mpaka ukikanyage. Chini tunaweka chaga ndogo ya mbao niliyoigonga mwenyewe.

Gharama: turubai 58,000, ufundi 25,000, mabomba na viungio 9,000. Jumla 92,000, elfu saba tu juu ya lile la bluu. Kuchomelea mkono wa keria nililipa mbali, na usipokuwa na gari lenye keria, au ukienda mahali pasipo na mti, sketi haina kazi. Kazini nimewahi kuitundika kwenye miti mitatu iliyofungwa vichwa pamoja, ikakaa, lakini hiyo ni dakika 15 za ziada na panga.

Ina ila zake. Kavu ina kilo 4 na nusu, ikilowa inakaribia 7. Turubai la pamba halisahau: ukilikunja bichi ukaliacha kwenye gari siku mbili, linanuka kama godoro lililonyeshewa na linapata madoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki. La kwetu lina doa la namna hiyo lenye umbo la ziwa Tanganyika, kosa langu, nilikuwa na haraka ya kuwahi mpira. Kwa kuwa halina paa, mvua ikinyesha unaoga mara mbili. Na tumbili wanapita juu. Siku moja Mikumi alishuka mmoja kwenye tawi, akachukua sabuni ya mke wangu kwenye kikombe huku mke wangu yumo, akapanda nayo, akaionja, akaitema, akatutupia. Hema lenye paa lisingeruhusu hilo.

Lakini tochi haipiti. Turubai lile hata ukiweka taa ya gari nyuma yake, nje huoni kitu. Mbung'o hawalijali. Kichwa changu kiko huru, juu nyota. Kulikunja ni kama kukunja shuka zito, mtoto yeyote anaweza, Neema amestaafu.

Mama mkwe alilitumia mara ya kwanza hukohuko Mikumi, mwezi wa saba. Aliingia na ndoo yake, akakaa humo muda mrefu, tukasikia anaimba pambio taratibu. Akatoka amevaa kamili, kilemba kimefungwa, akalizunguka akilikagua kwa nje, akashika pindo akalipima uzito mkononi. "Hili sawa," akasema. Kwa anayemfahamu, hiyo ni hotuba.

Mwezi wa nane akampigia mke wangu simu kuuliza kama "sketi ya Baba Neema" ina kazi, kwa sababu kwenye shamba lake Kilosa vibarua wa kuvuna wamekuwa wengi na bafu la makuti limeanguka. Nikaipeleka mwenyewe, na mawe yake. Mavuno yameisha Septemba. Tuko Novemba, sketi iko Kilosa, nasikia imepata nguzo nne za kudumu na mti wa kutundikia taulo. Mke wangu anasema niulize mimi kwa kuwa ni yangu. Mimi nasema aulize yeye kwa kuwa ni mama yake. Desemba tunakwenda Ruaha tena, na juzi nimelitoa lile la bluu stoo nikalipiga vumbi. Neema anaomba alipwe elfu mbili kila atakapolikunja.